Saini milioni mbili, halafu?

Ahsante mwenyekiti, na ahsanteni nyote mliokuja. Nimepewa mada ya mitandao ya kimataifa inayosaidia kampeni za siasa za mtandaoni, zile za mrengo wa kimageuzi. Itabidi nianzie Marekani, ila sitakaa huko.

Mwaka 1998 Bunge la Marekani lilikuwa limezama kwenye kashfa ya Rais Clinton. Mke na mume wa California, Joan Blades na Wes Boyd, matajiri wa programu za kompyuta, wakaandika ombi fupi mno: mkaripieni Rais, kisha mshughulikie mambo mengine ya nchi. Wakalituma kwa marafiki kwa barua pepe, na saini zikafika malaki. Ndivyo lilivyozaliwa shirika la MoveOn. Mfano wake ukaenea: Campact ya Ujerumani mwaka 2004, GetUp ya Australia 2005, 38 Degrees ya Uingereza 2009, Amandla.mobi ya Afrika Kusini 2014. Mashirika ya namna hii yana mtandao wao wa kusaidiana, uitwao OPEN.

Watawala wakisikia "mtandao wa kimataifa" hudhani kuna bwana mkubwa mahali anayegawa pesa na maagizo. Kwa hawa, kinachovuka mipaka zaidi ni ufundi. Barua pepe ya kampeni, kwa mfano, haitumwi hivihivi. Huandikwa kwa vichwa vya habari viwili au vitatu, kila kimoja kikajaribiwa kwa kikundi kidogo cha wanachama. Kile kinachofunguliwa na wengi ndicho huenda kwa wote. Kuna kujua lini uombe saini, lini uombe mchango, na lini umwambie mwanachama ampigie mbunge wake simu. Anayeanzisha shirika jipya hufundishwa hayo na waliotangulia. Ajenda ni ya kwake na wanachama wake.

Avaaz, iliyoanza 2007, ilikuja na njia nyingine: orodha moja ya wanachama wa dunia nzima. Na hapo ndipo habari inapotugusa, maana mnaikumbuka Loliondo, kule wilayani Ngorongoro, Tanzania. Kulikuwa na mpango wa kumega kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Wamaasai, eneo ambalo kampuni ya uwindaji kutoka Falme za Kiarabu ilikuwa na kibali cha kuwindia. Ombi la Avaaz likapita saini milioni mbili. Novemba 2014 Rais Kikwete akaandika Twitter kwamba serikali haijawahi kuwa na mpango wa kuwaondoa Wamaasai kwenye ardhi ya mababu zao, wala haitakuwa nao. Tulishangilia. Juni 2022 vigingi vya mpaka vikachimbiwa kwenye kilomita zilezile 1,500. Askari mmoja akauawa, wananchi wakajeruhiwa, wengine wakavuka kwenda kutibiwa Kenya.

Siwalaumu waliosaini. Saini zao zilinunua muda, na muda una thamani. Lakini mtu wa Paris hapigi kura Ngorongoro, na kila mtawala anaijua hesabu hiyo. Linganisheni na Uingereza: serikali ilipotaka kuuza misitu ya umma, 38 Degrees ilikusanya saini zaidi ya 500,000, robo tu ya zile za Loliondo, na Februari 2011 mpango ukafutwa. Waliosaini walikuwa wapiga kura, na walikuwa wakiwaandikia wabunge wao kwa majina.

Mimi navutiwa zaidi na Amandla.mobi. Mwanzilishi wake, Koketso Moeti, aliwalenga wanawake weusi wa kipato cha chini, watu ambao barua pepe si kitu chao. Ikabidi kazi ijengwe juu ya simu ya mkononi. Na moja ya kampeni zao kubwa ilikuwa bei ya bando lenyewe! Hawakuwa peke yao katika madai hayo, lakini Desemba 2019 Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilisema wazi kwamba bei zilikuwa juu mno na maskini ndiye aliyeumia zaidi. Aprili 2020 Vodacom ikashusha bando la mwezi la GB 1 kutoka randi 149 hadi 99. Mama muuza mboga aliiona tofauti hiyo kwenye salio lake.

Vijana hunijia na wazo la kuanzisha shirika kama hili hapa kwetu, na wameshachora hadi nembo. Huwa nawauliza: wanachama wako unawajua kwa kata? Mwisho wa mwezi, bando likiisha, utawafikiaje? Uganda, Januari 2021, intaneti ilizimwa jioni ya kuamkia siku ya uchaguzi, na ikakaa siku kadhaa bila kurudi. Kwa hiyo swali lingine ni nani, katika kila kata, ana orodha ya namba kwenye daftari na yuko tayari kwenda kugonga milango. Ambaye hana jibu la hilo simwambii aache. Namwambia aanze na kata moja.

Haya, naona mikono imeshaanza kunyooshwa. Tuanze na dada pale nyuma.