Siku ya Kazi ya Injinia Mpya

Ndugu wanafunzi, walimu wenu, na ninyi mliokuwa mnapita tu mkaona viti viko wazi mkaingia, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie siku ya kawaida ya mhandisi ujenzi aliye mwanzoni mwa kazi. Naanza na habari ambayo huenda isiwafurahishe: hesabu mnayoisotea sasa hivi itachukua kipande kidogo tu cha siku yenu. Muda mwingi mtakuwa mnalinganisha. Mkononi una mchoro, mbele yako kuna kitu kinajengwa, nawe unatakiwa useme kama viwili hivyo vinakubaliana, kisha uandike ulichokiona.

Tuchukue siku ya kumwaga zege, maana hiyo haina marudio. Nondo ikikosewa, inafunguliwa waya na kufungwa upya. Zege likishamwagwa juu yake, dawa ni nyundo ya kuvunjia, na ugomvi wa nani analipa.

Injinia anafika mapema na anaanza kwa kuzunguka saiti. Akikuta shimo la msingi linachimbwa, anatazama ukingo. Kuna ufa unaokwenda sambamba na shimo? Udongo uliochimbwa umerundikwa wapi? Ngazi iko karibu na waliomo ndani? Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa tani moja na nusu hadi mbili, na mtu akifukiwa hadi kifuani, mbavu hazipati nafasi ya kupanuka avute pumzi. Ukiona ufa ule, waliomo watoke kwanza, simu kwa bosi baadaye. Hakuna mkuu wa kazi mwenye akili timamu atakayekulaumu kwa hilo.

Halafu unapanda juu kukagua nondo. Hapa nitakaa kidogo.

Watu wengi hudhani kukagua nondo ni kuhesabu. Kuhesabu kumo, na kipenyo kimo pia: nondo ya milimita 16 ina eneo la milimita za mraba 201, ya 12 ina 113. Mtu akikubadilishia 16 kwa 12, moja kwa moja, amekuondolea zaidi ya asilimia 40 ya chuma, na kwa macho ya haraka tofauti haionekani. Chukua kalipa, kile kifaa cha kubana kitu na kupima unene wake, au hata futi. Lakini jambo linalowaponyoka vijana wengi ni mahali nondo ilipo, kwenda juu na chini.

Chukueni slabu ya roshani, ile inayotokeza nje ya nyumba bila nguzo chini yake. Mzigo unaivuta upande wa juu, kwa hiyo chuma kikuu kinakaa juu. Tuseme unene ni milimita 150, zege la kuifunika nondo ni milimita 25, nondo ni ya 12. Kutoka sakafu ya chini ya slabu hadi katikati ya nondo ni milimita 119, na huo ndio wenzo unaofanya kazi, yaani kimo ambacho chuma kinakitumia kupinga mzigo. Sasa zege limefika, vijana wamebeba mpira wa pampu, kila mtu anakanyaga juu ya nondo kwa sababu hakuna pengine pa kukanyaga, na vile viti vya kuinulia nondo vimewekwa kwa kubania. Nondo inashuka milimita 40. Wenzo umebaki 79, na nguvu ya roshani imepungua kwa theluthi moja hivi. Idadi ya nondo ni ileile, kipenyo ni kilekile, ankara ya chuma imelipwa yote. Kwa nje, roshani itapigwa plasta na rangi, itapendeza.

Ndiyo maana injinia mwenye akili hakagui saa nne akaondoka. Anakagua, halafu anabaki zege linapomwagwa, na amekwisha omba mapema ziwekwe mbao za kupitia watu.

Sasa lori la zege limefika. Unatazama karatasi ya mzigo: zege la daraja gani, limechanganywa saa ngapi. Unachukua koni ya slampu, yaani ya kupima zege ni laini au gumu kiasi gani. Kimo chake ni milimita 300, mdomo wa juu 100, wa chini 200. Unajaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalichoma mara 25 kwa fimbo ya chuma, unalainisha juu, unainua koni wima kwa sekunde chache, kisha unapima zege limeshuka kiasi gani. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache, na vijana wengi huona aibu kukifanya huku foremani amesimama mikono kiunoni. Fanyeni hivyohivyo.

Ugomvi wa saiti kwa kawaida ni maji. Zege la majimaji linateleza lenyewe kwenye kona, halichoshi mikono. Fundi atakuambia, "Injinia, ongeza maji kidogo tu, hili ni gumu mno." Fundi hana nia mbaya, mgongo wake ndio unaosema. Lakini mwaka 1918 Duff Abrams, mtafiti wa zege, alichapisha kule Chicago matokeo ya majaribio yake mengi, na tangu hapo tunajua kwamba nguvu ya zege inafuata uwiano wa maji kwa saruji. Saruji inahitaji maji kama robo ya uzito wake kwa kemia ya kugandia. Yanayozidi hapo yamewekwa ili zege lifanyike kazi, na yakikauka yanaacha matundu. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25, uwiano ni 0.5. Akiongeza "kidogo tu" lita 10, umefika 0.7, na zege ulilolilipia silo unalolipata. Zege likiwa gumu kweli, ziko dawa za kulilainisha bila maji, na kuna vibreta, mashine za kulitikisa zege lijae vizuri. Mwambie hivyo kwa adabu. Na kama amefanya kazi hii tangu hujazaliwa, muulize yeye angeshauri nini mbali na maji. Mara nyingi analo jibu, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Katika lori hilohilo unajaza vibao vya majaribio, mchemraba wa milimita 150 kila upande. Vingine vitavunjwa siku ya 7, vingine siku ya 28. Zege la daraja 25 linatakiwa lihimili niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba, maana yake mashine isukume kibao hicho kwa nguvu ya tani kama 57 kabla hakijapasuka. Sasa angalieni mtego uliopo: jibu la mwisho linakuja baada ya wiki nne, na kufikia hapo juu ya slabu yako kuna nguzo na labda slabu nyingine. Kibao kikishindwa, swali la kwanza litakuwa: zege la lori lile liliingia wapi? Kama hujui, mnatilia shaka jengo zima.

Anayejua ni shajara ya saiti. Andika saa lori lilipofika, namba ya karatasi yake, slampu, lilimwagwa kati ya mistari ipi ya mchoro, mvua ilianza saa ngapi, vibreta vilikuwa vingapi na kimoja kiliharibika lini. Usiandike "kazi ilikwenda vizuri", hiyo haimsaidii mtu. Na andika siku hiyohiyo, maana kumbukumbu ya Ijumaa kuhusu Jumanne ni hadithi.

Wenzenu wa barabara siku yao inafanana na hii, ila badala ya zege kuna udongo na unyevu wake. Tangu kazi ya Proctor, mhandisi wa Marekani, ya mwaka 1933 tunajua kila udongo una kiasi chake cha maji unachoshindilika vizuri zaidi. Pungufu haukamatani, ukizidi unacheza chini ya mashine ya kushindilia. Kulinganisha kunabaki palepale.

Mchana unarudi ofisini, na hapa ndipo wengi husinzia. Kuna maombi ya ufafanuzi ya kujibu, vipimo vya kazi ili mkandarasi alipwe, na michoro ya karakana, ile ya kuonyesha kila kipande kitatengenezwaje, kutoka kwa watengeneza vyuma. Hiyo ya mwisho ndiyo inayoonekana duni kuliko zote. Inakuja bunda zima, imejaa bolti, na mkubwa wako anakuambia "iangalie angalie halafu nipigie muhuri."

Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, njia mbili za kupita watu zilizoning'inizwa ukumbini ziliporomoka, wakafa watu 114. Mchoro wa awali ulikuwa na fimbo ndefu kutoka kwenye paa, zinapita kwenye njia ya ghorofa ya nne hadi ya pili, kila njia ikikaa kwenye nati yake. Upande wa watengenezaji ukaona ni shida kutengeneza fimbo ndefu vile, zikagawanywa: seti moja kutoka paa hadi ya nne, seti nyingine kutoka ya nne hadi ya pili. Kwenye karatasi ni badiliko dogo, tundu la pili limeongezwa kando ya la kwanza. Lakini sasa nati ya chini ya njia ya nne inabeba njia mbili badala ya moja. Uchunguzi ulikuta hata muunganiko wa kwanza haukutimiza kanuni za ujenzi; badiliko likaongeza mzigo mara mbili. Michoro ile ya karakana ilipita ofisini ikiwa na muhuri wa mhandisi, na wahandisi wawili walinyang'anywa leseni. Hesabu ambayo ingeonyesha tatizo ni ya mwaka wa pili hapa chuoni. Aliyekosekana ni mtu wa kuufuata mzigo kwa kidole, kutoka chini hadi paa, na kuuliza nati hii imeshika nini.

Hali kadhalika kompyuta. Programu ikikuletea majibu, chukua boriti moja na uikague kwa mkono. Boriti ya mita 6 iliyokaa juu ya nguzo mbili, mzigo wa kilonyutoni 20 kwa mita: mara urefu kwa mraba, gawanya kwa 8, unapata kilonyutoni mita 90, kipimo cha nguvu inayoipinda boriti katikati. Programu ikisema 9 au 900, mtu ameingiza uniti vibaya, na programu haitakuambia. Itachora rangi nzuri tu.

Jioni unarudi saiti kuhakikisha zege lililoganda limefunikwa na litamwagiliwa maji lisikauke upesi, hata kesho ikiwa sikukuu. Tafuta jina la mtu atakayemwagilia. "Vijana watamwagilia" maana yake hakuna atakayemwagilia.

Mtauliza basi lini mnakuwa wahandisi kamili. Katika nchi nyingi unafanya kazi miaka kadhaa chini ya mwenye leseni, halafu unakaa mbele ya jopo linalokuhoji. Watakuuliza uliamua nini wewe mwenyewe na kwa nini, na ile shajara mnayoiona adhabu ndiyo itakayowapa majibu. Wanaoiandika vibaya huwa wanajibu "tulifanya", "tuliona", hadi mwanajopo anauliza huyo "sisi" ni nani.

Mkono ule wa nyuma umeinuliwa muda mrefu. Karibu, uliza.