Masta ya Filamu Yako Iko Mikononi mwa Nani?

Wakubwa shikamooni, vijana habari za jioni. Nimeitwa hapa Manzese niwaseme wezi wa filamu. Nitawasema, ila na wanaoibiwa nao leo hawaponi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, haidai usajili ndipo filamu iwe yako. Haki inazaliwa na kazi yenyewe. Cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kinakusaidia kwenye ushahidi, basi. Kwa hiyo kijana wa Kariakoo anayesema "hii haijasajiliwa, naingiza kwenye flashi" anajidanganya. Mwenye kibanda umiza, kile kibanda cha kuonyeshea filamu, naye hubisha: "Diski nimenunua kwa hela yangu!" Umenunua nakala, baba. Kuonyesha watu kwa kiingilio ni haki nyingine, na hiyo hukuuziwa.

Na ma-DJ wanaotia Kiswahili kwenye filamu za Kikorea? Wengine wanachekesha kuliko filamu yenyewe, nakiri. Lakini kutafsiri nako kunahitaji ruhusa ya mwenye kazi. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa nchi kulindiana hakimiliki, tangu 1994; filamu haiwi ya bure kwa kuwa mwenyewe yuko Seoul.

Ukishikwa ni faini, kifungo, au vyote viwili, na ukirudia adhabu inapanda. Mwenye filamu anaweza pia kukufungulia madai ya fidia, na mahakama ikaamuru nakala ziharibiwe. Kwa mwenye duka dogo, kompyuta kubebwa kama kielelezo kunauma hata kabla ya hukumu.

Haya, watayarishaji. Enzi za DVD wengi mliuza masta, ile nakala mama ya filamu, kwa msambazaji kwa mkupuo, mkasaini karatasi imeandikwa "haki zote". Pesa ikaliwa. Leo filamu ipo YouTube kwenye akaunti ya mtu usiyemjua, unakimbilia polisi. Wakili wa upande wa pili atauliza jambo moja tu: wewe unadai kama nani? Kama uliuza kila kitu, mwenye kesi ni msambazaji, na yeye huenda duka alishafunga zamani. Kwangu mimi, hicho kinawaumiza kuliko kijana wa flashi.

Uza leseni, usiuze masta. Iandikwe ni kwa miaka mingapi, nchi zipi, na kama ni televisheni, diski au mtandao. Waliokuja na mikataba yao wasogee hapa mezani tuisome. Tutaanza na kifungu cha muda.