Sukuma Wiki Ndani ya Malenge

BARAKA: Karibuni tena. Leo nimeandaa mambo matano ya kuzingatia ukitaka kupanda maua hai ndani ya malenge...

ZUHURA: Boga.

BARAKA: Dada Zuhura, hata salamu hatujamaliza!

ZUHURA: Boga, mdogo wangu. Na kabla ya hayo matano, waeleze yaliyokukuta.

BARAKA: Haya. Jumamosi nilikwenda Circleville, kwenye yale maonyesho ya malenge yaliyoanza 1903. Kutoka hapa Columbus, Ohio, Marekani, si mbali. Nikanunua moja kubwa. Nikakata kifuniko, nikakomba mbegu na zile nyuzi, nikatoboa chini maji yapate kutoka, nikachonga uso wenye macho na meno, kama desturi ya huku. Nikajaza udongo, nikapanda kabeji ya mapambo, nikaweka ngazini. Jamani, lilipendeza! Jumatano naamka, tako limeoza, meno yamekunjika, na kindi amejiongezea dirisha.

ZUHURA: Ngoja. Ulipanda nini?

BARAKA: Kabeji ya mapambo. Ile ya zambarau. Baridi ikizidi ndiyo rangi inakolea, kwa hiyo huku wanaipenda sana msimu huu.

ZUHURA: Picha niliiona. Ile ni sukuma wiki.

BARAKA: Ni ndugu yake.

ZUHURA: Sukuma wiki ndani ya boga! Umepika chakula cha mchana ukakiacha ngazini. Ulisahau ugali tu.

BARAKA: Ile haina ladha nzuri, na ya kununua kitaluni hujui imepuliziwa dawa gani.

ZUHURA: Kindi je, alijua?

BARAKA: Kindi alikula malenge. Sukuma wiki hakuigusa.

ZUHURA: Aah! Umeitaja mwenyewe!

BARAKA: (anacheka) Futeni hapo. Jambo la kwanza...

ZUHURA: Zile nyama ulizokomba zilikwenda wapi?

BARAKA: Kwenye pipa.

ZUHURA: Pipa! Kwetu Tanga hiyo ni futari. Boga, tui zito, iliki, sukari kidogo. Watu wanasubiri adhana wanalitazama bakuli.

BARAKA: Hilo ni boga la kula. Haya ya kuchonga yana nyama nyembamba, majimaji. Si ulipika moja mwaka jana? Nilikuwepo. Tulikunywa.

ZUHURA: Tui lilikuwa la kopo.

BARAKA: Tui halihusiki!

ZUHURA: Tui linahusika siku zote. Na hata likiwa la majimaji, ni chakula. Mungu hakuumba chungu chenye mbegu ndani.

BARAKA: Aliumba kibuyu. Mimi ni mtoto wa Eldoret, mursik, yale maziwa yaliyochachushwa, tumeinywa kutoka kwenye kibuyu. Kibuyu na malenge ni ukoo mmoja. Mbona huko hakuna anayelia kwamba tumemwaga futari?

ZUHURA: Kibuyu kilichokauka hakiliki. Hukumnyima mtu.

BARAKA: Na hapa nimemnyima nani?

ZUHURA: Unajua ninachosema.

BARAKA: Sijui, dada. Nimelinunua liwe chombo, limekuwa chombo.

ZUHURA: Kwa siku nne.

BARAKA: Kwa siku nne, ndiyo.

ZUHURA: Mimi siwezi kukubali hilo.

BARAKA: Na mimi sikuombi ukubali.

(Kimya.)

ZUHURA: Tuna dakika ngapi?

BARAKA: Moja. Na sijasema hata jambo moja. Haya, haraka: msichonge uso. Kila tundu ni mlango wa ukungu. Na mmea usiutoe kwenye kopo lake, tumbukiza hivyo hivyo, udongo usigusane na nyama. Nilifanya kinyume, mmesikia. Au msilikate kabisa, bandikeni juu kuvumwani, yale majani mafupi laini kama zulia, halafu vile vimea vyenye majani manene...

ZUHURA: Hilo la kwako liko wapi sasa?

BARAKA: Nimelifukia bustanini, liwe mbolea.

ZUHURA: Na sukuma wiki?

BARAKA: Ile bado inaendelea vizuri.

ZUHURA: Nakuja na unga.

BARAKA: Dada, nimekwambia ina da...