Jina Linalostahili: Mhadhara kwa Wataalamu wa Maabara Mbeya Kuhusu Utambuzi wa Bakteria wa Utumbo

Ndugu wataalamu wa maabara, walimu wenzangu, na wanafunzi mliotoka Iringa, Njombe, Songwe na wilaya zetu za hapa Mbeya, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie utambuzi wa bakteria wa utumbo, nami nitabaki kwenye jambo moja: jina tunaloliandika kwenye fomu ya majibu litokane na matendo ya bakteria mwenyewe kwenye neli, wala lisitokane na rangi ya koloni, yaani kifungu cha bakteria walioota pamoja kwenye sahani, iliyoonekana asubuhi ya kwanza.

Ugumu wa kazi hii unaanzia kwenye sampuli. Damu ya mtu mzima wa afya haina bakteria, hivyo chochote kinachoota humo kinastahili kufuatiliwa. Kinyesi kimejaa bakteria hata kwa mtu asiyeumwa, na sisi tunamtafuta mmoja au wawili ndani ya umati huo. Rangi za Gram, tulizozirithi tangu mwaka 1884, zinazowagawa bakteria kuwa Gram chanya (zambarau) na Gram hasi (wekundu), hazitusaidii sana hapa. Bakteria aliyeelezwa na Theodor Escherich mwaka 1885 kutoka kwenye vinyesi vya watoto wachanga, ambaye leo tunamwita E. coli, na yule wa kuhara damu aliyegunduliwa na Kiyoshi Shiga nchini Japani mwishoni mwa karne hiyo, yaani shigela, wote wawili ni vijiti vyekundu vinavyofanana kabisa chini ya hadubini.

Kabla ya kuotesha, tuitazame safari ya sampuli. Nimewasikia wenzetu wakisema kwamba kwa baridi yetu ya Juni na Julai kinyesi kinaweza kusubiri mezani hadi mchana. Hapana. Shigela hufa haraka kwa sababu bakteria wengine wanaendelea kuchachusha na asidi inaongezeka, na baridi ya chumba haitoshi kulizuia jambo hilo. Sampuli ioteshwe ndani ya saa 2, na kama inatoka kituo cha mbali, isafirishwe kwenye chombo chenye Cary-Blair, jeli inayowahifadhi bakteria njiani. Ikiwa na kamasi au damu, chukua hapohapo penye kamasi au damu. Usichote popote tu kwa sababu ndipo kijiko kilipofika.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wa nyanda za juu zaidi ya wenzetu wa pwani, nalo ni otoklevu, chungu cha kutakasia kwa mvuke wenye shinikizo. Vitabu vingi vinasema shinikizo la pauni 15 kwa inchi ya mraba huleta nyuzi joto 121, na hilo ni kweli usawa wa bahari. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa huo, hewa yetu ni nyepesi, na mshale ukisimama kwenye 15 mvuke ulio ndani unakuwa na nyuzi 118 tu au karibu na hapo. Hapa tunahitaji kama pauni 18 ili tuifikie 121, ilhali mwenzetu wa Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, anahitaji 16 tu. Kwa hiyo ongozwa na kipimajoto cha otoklevu, na usivuke kikomo cha shinikizo alichokiweka mtengenezaji. Agari, yaani chakula kilichoganda tunachooteshea bakteria, isipotakaswa vizuri huotesha wageni, na mgeni huyo akiota juu ya sahani ya mgonjwa, utambuzi wote unaofuata ni wa mdudu ambaye hakutoka kwa mgonjwa. XLD na TCBS, agari mbili za kuwatafutia bakteria wa magonjwa ya utumbo, zenyewe haziingizwi humo kabisa. Huchemshwa tu, kwani joto la otoklevu huziharibu.

Sasa tuje kwenye sahani. Agari ya MacConkey ina chumvi za nyongo na rangi ya zambarau zinazowazuia bakteria wa Gram chanya, na ina laktosi, yaani sukari ya maziwa. Anayeichachusha laktosi, kama E. coli au klebsiela, huota kwa rangi ya waridi; asiyeichachusha hubaki amepauka. Salmonela, ambao mmoja wao husababisha homa ya matumbo, na shigela wamo katika kundi hilo la waliopauka, lakini hawako peke yao, na hapo ndipo wengi tunapoteleza.

Nami niliteleza. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika maabara moja ya mkoa, nililetewa kinyesi cha mtoto aliyekuwa akiharisha. Kwenye agari ya SS, iliyokusudiwa kuotesha salmonela na shigela, nikaona koloni zilizopauka zenye kitovu cheusi, nzuri kama zilizochorwa kitabuni, nikaandika salmonela nikasaini. Daktari aliniamini, mtoto akapewa dawa kwa siku kadhaa. Mwalimu wangu alipoipitia sahani ile aliniambia nipande koloni moja kwenye mteremko wa urea, yaani neli ya agari yenye urea iliyogandishwa ikiwa imeinama. Saa 4 hazikuisha, neli nzima ilikuwa imegeuka rangi ya waridi iliyokolea. Alikuwa proteusi, mkazi wa kawaida wa utumbo, ambaye naye hutoa gesi ile yenye salfa inayokiweka kitovu cheusi. Salmonela haivunji urea. Neli moja ya bei ndogo ingemwondolea mtoto yule dawa asizozihitaji, nami tangu siku hiyo sijasaini koloni iliyopauka bila kuipitisha kwenye urea.

Neli ninayoiheshimu kuliko zote ni ile ya KIA (agari ya chuma ya Kligler), na ningependa kila mwanafunzi aielewe, kwa kuwa kuikariri tu hakusaidii. Ndani yake mna glukosi gramu 1 kwa lita na laktosi gramu 10 kwa lita, pamoja na fenoli nyekundu inayogeuka njano penye asidi. Bakteria wote wa jamii hii huanza kwa kula glukosi, kwa hiyo baada ya saa chache neli nzima huwa ya njano, awe nani. Glukosi ni kidogo, nayo huisha. Anayeweza laktosi anaendelea kutengeneza asidi na neli inabaki njano juu na chini. Asiyeiweza, akiwa pale juu penye hewa, anageukia protini, anatoa amonia, na mteremko unarudi kuwa mwekundu huku kitako, yaani sehemu ya chini ya neli, kikibaki njano. Ndiyo sababu tunasoma kati ya saa 18 na 24. Ukisoma baada ya saa 8, salmonela itakudanganya kuwa ni E. coli. Ukikaza kifuniko, hewa haiingii, mteremko haurudi mwekundu, nawe utadanganyika hata saa 24 zikitimia. Kifuniko kiachwe kimelegea.

Chunguzeni pia weusi na gesi. Salmonela nyingi huupasua kitako kwa gesi na kukijaza weusi. Salmonela Typhi, anayesababisha homa ya matumbo, ni mpole zaidi: hana gesi, na weusi wake mara nyingi ni mstari mwembamba tu pale sindano ilipoingilia, kama masharubu ya kijana. Shigela haachi weusi wala hatembei kwenye agari laini.

Kwa kipindupindu nitasema machache. Kinyesi hupitishwa kwenye maji ya peptoni yenye alkali kwa saa 6 hadi 8, kisha TCBS, ambako vibrio huota njano kwa kuchachusha sukari ya kawaida. Kipimo cha oksidezi, kimeng'enya cha bakteria, ndicho kinachomtenga na jamii ya E. coli, kwani vibrio ni chanya na wale ni hasi. Msikifanye moja kwa moja kutoka TCBS, kwa sababu asidi huficha majibu. Otesheni kwanza kwenye agari isiyo na sukari, tumieni kijiti cha mbao au plastiki badala ya waya wenye chuma, na msome ndani ya sekunde 10.

Antisera, yaani maji yenye kingamwili zinazomgandisha bakteria fulani, huja mwisho, baada ya neli, kamwe isiwe kabla, maana jamaa hawa wanashirikiana baadhi ya antijeni, yaani alama za mwilini mwao ambazo kingamwili hizo hushika. Typhi akikataa kugandana na antisera ya O, huenda amefunikwa na antijeni ya Vi: chemsha mchanganyiko wake, uache upoe, kisha ujaribu tena. Nasisitiza kwa wote wanaotegemea Widal, kipimo cha damu cha homa ya matumbo, kwamba kipimo hicho hutafuta kingamwili za mgonjwa na hakimtambui bakteria yeyote. Homa ya matumbo huthibitishwa hasa kwa kuotesha damu. Wale mtakaopata mashine ya MALDI-TOF, inayowatambua bakteria kwa uzito wa protini zao, mjue nayo haiwatenganishi kwa uhakika shigela na E. coli, kwa kuwa kinasaba hao ni kitu kimoja, hivyo neli na antisera zitaendelea kuhitajika mezani penu.

Kwenye meza ya nyuma nimeweka neli sita za KIA zilizopandwa jana saa 8 mchana, kila moja na mteremko wake wa urea. Mojawapo kifuniko chake kilikazwa kwa makusudi. Zisomeni wawili wawili, andikeni mnachokiona kabla ya kuandika jina lolote, kisha tutazipitia pamoja.