Kuunganishwa Si Kupewa

Mabibi na mabwana, swali linaloulizwa sana kuhusu mitandao ya rika kwa rika, yaani ile ambamo kompyuta za watumiaji hupeana faili moja kwa moja, ni hili: "Programu inaonyesha nimeunganishwa na kompyuta hamsini, mbona faili haishuki?" Haishuki kwa sababu muunganisho ni kitu kimoja na ombi ni kingine. Hao hamsini wanaweza kuwa nawe wote, na asikupe hata mmoja.

Tuchukue mfano wa BitTorrent, mfumo wa aina hiyo aliobuni Bram Cohen mwaka 2001. Kompyuta mbili zikikutana husalimiana kwa ujumbe wa baiti 68, zikitambulishana na kuhakikisha kwamba zinazungumzia faili ileile. Hapo muunganisho umeshapatikana, lakini huanza ukiwa umefungwa pande zote mbili, yaani hakuna anayempa mwenzake kitu bado. Unamwarifu mwenzako kwamba unavitaka vipande vya faili alivyo navyo, kisha unangoja akufungulie. Naye kila sekunde 10 hupima upya nani anampa zaidi, awapendelee hao. Na kila sekunde 30 humfungulia mmoja kwa kubahatisha. Kanuni hii naipenda mno, maana bila hiyo mgeni asiye na kitu angepata wapi kipande cha kwanza cha kubadilishana?

Ukishafunguliwa, ndipo unapoomba. Ombi hutaja namba ya kipande, mahali pa kuanzia ndani yake, na urefu, ambao kwa kawaida ni kilobaiti 16. Sasa fuateni hesabu hii. Tuseme ujumbe kwenda na jibu kurudi huchukua sekunde 0.2. Ukiomba, ukangoja, ukapokea, ndipo ukaomba tena, unapata majibu 5 kwa sekunde: kilobaiti 80, hata laini yako iwe na kasi kiasi gani. Tuma maombi 10 kwa mfululizo bila kungoja, na muunganisho uleule utaweza kuleta kilobaiti 800, laini ikiruhusu.

Vikibaki vipande vichache vya mwisho, programu huomba kitu kilekile kwa wenzake kadhaa. Wa kwanza akijibu, maombi mengine hufutwa. Miunganisho yenyewe haiguswi.

Kinyume chake kina madhara. Muunganisho ukikatika, au mwenzako akikufungia tena, maombi yaliyokuwa yakingoja hupotea. Programu lazima iyakumbuke na kuyapeleka kwa mwingine. Isipofanya hivyo, itakwama kwenye asilimia 99, huku wenye kipande hicho wakiwa bado wameunganishwa nayo.