Simama Mbele ya Twiga

Ndugu zangu, hili nimelisema kwenye kumbi nyingi, na leo nalirudia kwa sababu watu bado wanaingia bustani ya wanyama mbiombio. Simba, picha. Kiboko, picha. Kobe hata picha hapewi. Baada ya saa moja wako langoni, wanasema wameona wanyama wote. Mmeona nini?

Chagueni mnyama mmoja, msimame. Mimi humtaja twiga, kwa sababu kila mtu anadhani anamjua. Kwa mbali twiga ni shingo tu. Msogelee wakati anakula: ulimi unatoka, unakaribia nusu mita, mbele mweusi wenye zambarau, unajiviringisha kwenye tawi na kukwanyua majani. Kope zake unaziona mojamoja. Kisha anaacha kula, na hapo ndipo watu wanapoondoka! Msiondoke! Ngojeni aanze kucheua. Tazameni shingo, chini kabisa: tonge linapanda ndani ya ngozi kama lifti, mpaka mdomoni. Anatafuna bila haraka, anameza, linashuka. Anatulia kidogo, halafu jingine hilo, linapanda. Na shingo yote hiyo ina pingili saba tu. Shika shingo yako: nawe unazo saba. Zake zimerefuka, basi. Nimeona watoto waliokuwa wakililia kurudi nyumbani wakinyamaza wenyewe, wanahesabu matonge.

Najua kuna anayesema moyoni, "Haya si yapo kwenye televisheni?" Yapo. Lakini televisheni inakuchagulia pa kutazama, na ile dakika ya kungoja inaikata. Harufu haina. Kimo nacho hukipati. Mita tano utazielewa siku utakaposimama chini yake na kuinua uso. Tena yule wa kwenye kioo hakutazami. Huyu anakutazama.

Mwingine atasema mnyama amefungwa, raha iko wapi? Hoja hiyo naiheshimu. Mkimkuta mnyama anazunguka njia ileile mchana kutwa, bila kusimama, huyo anateseka, na bustani hiyo msiirudie. Ila samaki mmoja akioza, hapa si wote. Chura wa Kihansi, yule mdogo wa manjano anayezaa badala ya kutaga mayai, alitangazwa mwaka 2009 kuwa ametoweka porini. Kwao ni korongo moja tu nchini Tanzania. Waliokuwa hai walikuwa bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na mwaka 2012 vizazi vyao vikaanza kurudishwa Kihansi. Bila bustani hizo tungekuwa tunamsimulia tu.

Muda unaniishia, na tembo sijamgusa. Haraka basi: tazameni ncha ya mkonga. Wa Afrika ana vidole viwili, wa Asia kimoja. Akitembea sikilizeni, mwili wote ule na kishindo hakuna, kwa sababu nyuma ya vidole vya miguu amejaa mafuta laini. Heroe, lile mnaloita goti linalokunjika kinyume ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, limefichwa na manyoya. Popo nawaruka, wanataka siku yao.

Nendeni saa ya kulishwa, mzungumze na mlishaji. Muulizeni nani mkorofi, nani anampenda nani, nani hali mpaka abembelezwe. Yeye anashinda nao kila siku, na wageni wanampita kama hayupo.

Haya, maswali.