"Ajikaze" haiko objektifu

Ba papa, ba mama, ba ndugu, jambo yenu bote, na aksanti kwa kutoka ku kazi na hii joto ya mwezi wa 10 mukuje kusikiliza. Ninataka tuzungumuze ile fishi ya kotasyo, karatasi ya kupima kazi ya kila mutu na objektifu (lengo) yake, tunajazaka kila mwisho wa mwaka, juu mi miaka mingi niliijaza mubaya na niliumiza batu nayo.

Nilikuwa sefu wa depo na usafiri mu kampuni moya ya hapa Lubumbashi. Mwezi wa 12 patron anasema fishi zote zifike kwake kesho, basi usiku ninakaa na biki, huyu "bon", huyu "tre bon", huyu "ajikaze". Na nilikuwa ninakumbuka nini? Mwezi wa 11 tu. Mutu anatumika muzuri tangu mwezi wa 1, anagombana na klienti wiki moya mbele ya kotasyo, anapata "ajikaze", na mwaka inafuata anafanya bile bile, juu ajikaze ku nini? Hakuna mutu alimwambia.

Siku moya nikaita shofere wetu mu biro, ule wa barabara ya Kasumbalesa, ku mupaka na Zambia, mutu muzima, baba ya batoto. Ku fishi yake niliandika "anachelewaka". Akakamata karatasi, akaisoma polepole, akaiweka ku meza na akaigeuza inielekee miye, kisha akauliza: "Sefu, bariere iko yangu?"

Sikupata jibu. Kamyo inalala ku foleni siku mbili, siku tatu, na ile foleni shofere haiamuru. Nilikuwa ninamupima na kitu yenye iko mu mikono ya bengine.

Njo nikamuomba aikale, nikamuuliza, basi nini iko mu mukono yako? Akaanza kuhesabu na vidole: dosye ya muzigo ikamilike mbele atoke Lubumbashi, bashi (turubai) ifungwe muzuri mvua isiingie, mazuti anatumia ku kila kilometa 100, kupiga simu ku depo siku ile ile anakwama ili tujulishe klienti. Bintu ine, bimetoka kwake mwenyewe! Tukaandika tatu, na hesabu na tarehe, tukasaini bote wawili. Naye akaniambia kitu nilikuwa sijawaza, kwamba dosye inachelewaka kutoka kwetu mu biro, siyo kwake, kwa hiyo na miye nikaandikiwa objektifu yangu ku karatasi yake: dosye imufikie saa 10 ya magaribi siku ya mbele ya safari.

Muko munajua SMART, zile herufi tano za kuandika objektifu muzuri, kila seminere banaifundishaka. Ile neno George Doran njo aliitoa mu 1981, na herufi A leo bengi banasema ni "inawezekana", lakini ye aliandika kwamba kazi ipewe mutu, ijulikane ni nani ataifanya. Mi ninaona pale njo tunaangukaka sana, tunaandika "depo iwe safi" na depo haina mikono.

Na juu ya ile "ajikaze", musikilize hii. Gary Latham, mutu wa saikolojia, alifuata mashofere ba kamyo za magogo kule Oklahoma, Marekani, matokeo ikatoka mu 1975. Walikuwa wanabeba karibu 60% ya uzito sheria inaruhusu, na kuambiwa bafanye nguvu yao yote haikubadilisha kitu. Bakapewa namba, 94%, na habakuongezewa franga, balisifiwa tu na mudomo. Miezi inapita, banabeba zaidi ya 90%. Kamyo ni zile zile, batu ni bale bale.

Lakini namba nayo inaweza kukuharibia, ninaomba munisikie hapa. Kuna mwaka niliandikia magazinye "mifuko ya simenti inapasuka: sifuri". Mwezi wa kwanza sifuri, wa pili sifuri, nikafurahi. Kisha siku moya ninapita nyuma ya depo ninamukuta na sindano na uzi, anashona mifuko, simenti alifagia chini, na muchanga ndani, anairudishia mu mifuko ile. Ile simenti inaenda kujenga nyumba ya mutu! Niliogopa. Kijana hakuwa mwizi, aliogopa primu yake kupotea, na miye njo nilimufundisha kuficha. Tukabadilisha: kila mufuko unapasuka uandikwe mu kaye siku ile ile pamoja na sababu yake. Kaye ikajaa haraka, na kwa kusoma sababu tukaona mingi inapasukia ku palete za mbao zenye misumari inatoka juu. Tukapiga ile misumari.

Haya, sasa kila mutu akamate karatasi. Andika jina ya mutu moya munatumika naye, kisha bintu tatu biko mu mukono yake kweli, na ku kila kimoya namba na tarehe, na chini yake uandike weye utamupa nini ili aweze. Muko na dakika 15, mama ule wa mbele ataanza kutusomea.